Rangi ya nywele hutafutwa usoni

Mfungo mosi ukishaandama, Unguja huingia harusi juu ya harusi, na simu yangu hujaa picha. Shoga anatuma kichwa cha msanii wa Korea, nywele zina rangi ya majivu. Mtoto wa jirani anatuma rangi ya asali. Wifi yangu kaona damu ya mzee kwa mtangazaji wa televisheni na hataki kusikia nyengine. Wote swali lao moja: "Hii itanipendeza?" Na mimi jibu langu ni lile lile: nitumie picha ya uso wako, umekaa karibu na dirisha, bila poda, nywele umezifunika. Hiyo rangi tutaizungumza baadaye.

Naamini rangi ya nywele huanzia kwenye ngozi. Na naamini zaidi kwamba sisi wanawake wa visiwani, ambao uso wetu umezungukwa na nguo tangu utotoni, tuna kipimo cha rangi nyumbani ambacho wenzetu wa nje wanakilipia pesa nyingi.

Ninachokifuata ni kile kinachoitwa uchambuzi wa rangi kwa majira. Mawazo yake yana mizizi kwa Johannes Itten, mchoraji wa Uswisi aliyefundisha skuli ya Bauhaus kule Ujerumani kuanzia 1919 hadi 1923. Alipowapa wanafunzi kazi ya kupanga rangi zinazopatana, aliona kila mmoja anaangukia rangi zake mwenyewe, na mara nyingi zilishabihiana na ngozi, macho na nywele za huyo mwanafunzi. Aliyaandika haya katika kitabu chake cha 1961. Marekani, Suzanne Caygill akawapanga watu kwa majira manne ya mwaka, na mwaka 1980 Carole Jackson akatoa kitabu kilichoipeleka habari hiyo kwa mamilioni ya wasomaji. Leo Seoul wapo wasafiri wanaopanga safari yao kuzunguka miadi ya kupimwa rangi.

Lakini kitabu kile cha 1980 kiliwatia watu weusi karibu wote, pamoja na Waasia wengi, katika kundi moja tu la Baridi. Jambo hili liliniuma na bado linaniuma. Ingia nyumba yoyote ya Ng'ambo au Mji Mkongwe. Watoto wa baba mmoja mama mmoja: wa kwanza mweusi tii mwenye wekundu kwa ndani, wa pili maji ya kunde anayepiga manjano, wa tatu mweupe wa rangi ya samli. Bibi Mngazija, babu katoka Oman, mama wa baba Mtumbatu. Utawatiaje hawa kapu moja na useme umewapima? Waliokuja baadaye waliyagawa majira manne kila moja mara tatu, yakawa 12, na wachambuzi wenye jicho zuri wanakubali kwamba mtu mweusi anaweza kuangukia popote humo.

Yale majina yenyewe ya majira ni ya nchi zenye theluji na miti inayopukutisha majani. Sisi tuna kaskazi na kusi. Kwa hiyo usihangaike na majina, shika maswali matatu yaliyo chini yake. La kwanza: ngozi yako kwa ndani ina joto au ina ubaridi, yaani inapiga manjano na shaba, au inapiga bluu na waridi? La pili: ukitazamwa kwa jumla, ngozi, macho na nyusi, wewe umekolea au mwepesi? La tatu: unachukua rangi kali au rangi zilizotulia? Mwenye joto, mwepesi na mkali huitwa Machipuko. Mwenye ubaridi, mwepesi na aliyetulia ni Kiangazi. Joto lililokolea na kutulia ni Mapukutiko, na ubaridi uliokolea na mkali ndiyo Baridi yenyewe.

Tafadhali lishike hili moja kabla hatujaendelea: weusi wa ngozi hausemi chochote juu ya joto lake. Wanawake wawili wanaweza kulingana weusi kabisa, mmoja akang'aa kwa rangi ya shaba na mwenzake akapauka kwa shaba hiyo hiyo.

Sasa kipimo. Kwenye zile studio za nje, mteja hukaa mbele ya dirisha au taa ya mwanga wa mchana, uso umeoshwa, na nywele zimefungwa kitambaa cheupe ili rangi aliyozipaka isimdanganye mpimaji. Kisha anawekewa vitambaa chini ya kidevu, kimoja baada ya chengine. Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilifurahi sana, maana hivyo ndivyo tunavyoishi. Mwanamke aliyeanza kuvaa mtandio yuko chuoni amejipima maelfu ya mara bila kujua. Kila mmoja wetu ana mtandio ambao akiuvaa watu humwambia "leo umenawiri", na ana mwengine ambao akiuvaa huulizwa "unaumwa?" Huo ndio ushahidi. Itoe hiyo mitandio miwili uiweke pamoja, utazame imetofautiana nini.

Kanga zinafanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa sababu kila nyumba ina kasha lake. Chagua zile ambazo mji wake, yaani sehemu ya katikati, una rangi moja iliyotawala, ukazipime mbili mbili: chungwa na waridi, rangi ya samli na nyeupe pee, kahawia na nyeusi. Kwa ngozi zetu, jozi inayosema kweli kuliko zote ni hiyo ya kahawia na nyeusi. Usitazame kanga. Tazama chini ya macho, tazama pembeni mwa mdomo ambapo wengi wetu tuna weusi kidogo, tazama ukingo wa paji la uso. Kanga inayokufaa hulainisha hapo, ukaonekana uso kwanza na nguo baadaye. Isiyokufaa hutangulia yenyewe, uso ukabaki nyuma umepauka.

Kile kipimo cha kutazama mishipa ya mkononi, kama ni ya kijani au ya bluu, kiache. Kwenye ngozi iliyokolea mishipa haionekani vizuri. Na kile cha dhahabu na fedha kitumie kwa tahadhari: sisi tumelelewa na dhahabu, jicho letu huipenda kabla halijaona inamfanyia nini aliyeivaa.

Mama mkubwa wangu yuko Wete, Pemba. Ni mweusi tii, na mvi zimemjaa kichwa kizima, na kwa miaka mingi amekuwa akizitia hina. Mvi hazina rangi yake yenyewe ya kushindana na hina, kwa hiyo huipokea yote na kutoka chungwa tupu. Tulikaa ukumbini asubuhi, mlango wa uani wazi, kasha la kanga mbele yetu. Nikamfunga kichwa kwa kitambaa cheupe. Nilipomwekea kanga ya chungwa, kivuli cha chini ya macho kikamshuka hadi mashavuni.

"Ondoa hiyo mwanangu," akasema, kioo kipo mkononi. "Yanifanya mgonjwa."

Nikaweka ya zambarau iliyokoza. Pale pale weupe wa macho ukatoka, mashavu yakapata uhai, na ule weusi wa pembeni mwa mdomo ukapotea. Nikaweka kisutu, ile ya nyeusi, nyeupe na nyekundu tunayowavisha mabibi harusi, na mambo yakawa mazuri zaidi. Hapo akaitazama kanga ya chungwa iliyokuwa chini, akashika ncha ya nywele zake, akaniuliza: "Kwa hiyo kila siku navaa ile kichwani?" Sikuwa na la kuongeza.

Hina hakutaka kuiacha, na dawa nyeusi ya dukani hakuitaka. Yeye anashika mafundisho aliyolelewa nayo: katika Sahih Muslim imo habari ya Abu Quhafa, baba yake Sayyidna Abubakar, alipoletwa na mvi nyeupe kabisa, Mtume akaamrisha zibadilishwe na weusi uepukwe. Na imepokewa pia sifa ya hina ikichanganywa na katam, mmea unaokoza rangi. Masheikh wana maelezo yao marefu juu ya weusi huo na sitawaingilia. Mimi nilichotaka ni kuondoa uchungwa bila ya kumtoa kwenye hina yake, na dawa ya uchungwa ni bluu. Bluu ya mimea ni nili.

Hina tuliikanda kwa ndimu, tukaiacha saa kadhaa ikatoa rangi, akakaa nayo kichwani asubuhi nzima, akaosha. Nili ni tofauti: hukandwa kwa maji matupu ya vuguvugu na chembe ya chumvi, bila ndimu, na hupakwa haraka kwani ikikaa bakulini hupoteza nguvu. Ukiiacha kichwani muda mfupi unapata kahawia, ukizidisha unakaribia weusi. Ikitoka mwanzo huwa na ukijani unaotia wasiwasi, siku mbili baadaye hutulia. Mama mkubwa alitoka na rangi ya kahawa, imekolea, haina wekundu. Uso wake ulionekana umepumzika.

Huyo alikuwa na mvi. Wenye nywele nyeusi bado wana hesabu nyengine, na hapa ndipo picha za simu zinapowaangusha wengi. Hina juu ya nywele nyeusi haizifanyi ziwe nyepesi. Inaacha wekundu ambao utauona juani tu. Ukitaka rangi nyepesi kuliko ulizozaliwa nazo lazima uondoe rangi iliyomo, na kazi hiyo hufanywa na peroksaidi, inayouzwa kwa nguvu ya asilimia 3, 6, 9 au 12, ikachanganywa na rangi au na blichi. Nywele nyeusi zikianza kuondolewa rangi hazipandi moja kwa moja kwenda kwenye umanjano. Hupita kahawia nyekundu, zikaingia wekundu, chungwa, kisha dhahabu, mwisho manjano. Maana yake ni kwamba ndani ya nywele zetu nyeusi mmejaa joto, na kila hatua ya kuzifanya nyepesi inalitoa nje.

Kwa mwenye ngozi ya joto hii ni neema. Anaweza kusimama popote njiani: kwenye mdalasini, kwenye shaba, kwenye asali, akapendeza kila kituo. Mwenye ngozi ya ubaridi anayetaka majivu ya yule msanii wa Korea itambidi alivuke chungwa lote, halafu apakwe rangi ya bluu au zambarau juu yake ya kulizima. Na hiyo ya juu haikai. Inatoka kwa kuosha, inatoka kwa jua, na kwa anayeogelea inatoka kwa bahari. Visiwa vyetu pia vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya visima vingi ni mazito, hata sabuni haitoi povu vizuri, na nywele zilizopigwa blichi hukakamaa nayo. Baada ya wiki chache chungwa lile lile linarudi, usoni kwa mtu ambaye chungwa haimpendi.

Ndiyo maana mwenye ubaridi namshauri ashuke chini badala ya kupanda juu. Nyeusi yenye bluu ndani yake. Kahawia ya karibu na weusi isiyo na shaba. Damu ya mzee iliyokoza, au zambarau ya biringani inayoonekana mwanga ukipiga tu. Rangi hizi zina nguvu kubwa kwenye ngozi nyeusi ya baridi, na sielewi kwa nini zinaonwa kama chaguo la wasiothubutu. Na mwenye ubaridi aliyeanza mvi, ngozi imetulia, mvi zenyewe ni rangi yake. Kama anaziweza moyoni, aziache.

Mwenye joto aliyekolea, yule Mapukutiko, ndiye ambaye saluni hukosea kumpaka nyeusi ya bluu eti kwa sababu yeye ni mweusi. Mpelekee chokoleti yenye dhahabu, kungumanga, shaba nzito. Maji ya kunde aliyetulia huchukua mdalasini na karameli isiyong'aa sana, ikiwekwa kwa michirizi kuanzia katikati kwenda nchani, mizizi ikaachwa na rangi yake. Rangi ikianzia katikati, nywele zinapoota hakuna mstari unaokukimbiza saluni kila mwezi.

Ukinunua rangi ya pakiti, soma namba kabla ya kutazama yule mwanamke aliyechorwa juu yake. Kwa kampuni nyingi namba ya kwanza ni ukolezo: 1 ni nyeusi, 10 ni nyepesi kabisa. Namba ya baada ya nukta ni upande wa rangi: mara nyingi 1 ni majivu, 3 dhahabu, 4 shaba, 5 mahogani, 6 wekundu. Kwa hiyo 4.3 na 4.1 zina ukolezo mmoja lakini zinaelekea kwa watu wawili tofauti. Kampuni hazilingani zote, soma maelezo ya ndani.

Hata hivyo njia ninayoipenda kuliko zote haina dawa kabisa. Ni rasta, zile nywele za bandia za kusukia. Kila msusi wa Unguja na Pemba anazijua namba zake: 1 nyeusi tupu, 1B nyeusi iliyolainika kidogo, 2 na 4 za kahawia, 27 asali, 30 na 33 za wekundu wa kahawia, 99J damu ya mzee, 613 manjano mepesi kabisa. Nenda dukani Darajani au Mwanakwerekwe, omba mafungu mawili, 33 na 99J, toka nayo mpaka mlangoni penye mwanga, yaweke moja moja kando ya shavu huku mtandio wako ni mweupe au wa rangi isiyo na makelele. Hizo mbili zimekaribiana ukolezo, zimetofautiana joto, kwa hiyo jibu linakuja haraka. Hilo ni swali la joto na ubaridi limejibiwa kwa gharama ndogo. Ukisuka nazo na kukaa nazo mwezi mmoja, utajua kama unataka kuishi na rangi hiyo kabla hujagusa hata unywele wako mmoja.

Namba 613 inahitaji neno lake peke yake. Inaweka tofauti kubwa mno kati ya nywele na ngozi, na tofauti hiyo lazima iwemo usoni tayari: macho yenye weupe mkali, nyusi nyeusi zilizojaa, ngozi iliyokolea yenye ung'avu. Mwenye uso huo akiivaa anameremeta. Mwenye uso uliotulia humezwa nayo, na poda yoyote haimrudishi.

Jengine ambalo vitabu vya nje havitalisema ni mwanga wa mahali nywele zako zitakapoonekana. Nywele za wengi wetu hazioni jua la barabarani. Zinaonekana ndani, ukumbini kwa wanawake watupu, usiku, siku bibi harusi anapotolewa kutazamwa. Taa nyeupe za siku hizi zina ubaridi, na shaba iliyowaka vizuri uani saa nne asubuhi hugeuka kahawia isiyo na jina chini yake. Taa za manjano nazo huipeleka damu ya mzee kwenye ukahawia. Kwa hiyo dirishani tunachagua upande wa rangi, na taa ya ukumbini inatuamulia ukolezo: mwenye shaba aongeze wekundu kidogo, mwenye damu ya mzee aongeze zambarau. Bibi harusi atazame pia dhahabu atakazovishwa na nguo atakayotokea nayo, maana vyote hivyo vitakaa mita moja kutoka kichwani kwake kwenye kila picha.

Na kuna piko. Hii naiandika kwa uzito. Piko inayochorwa mikononi na miguuni kando ya hina, na ambayo huko fukweni huchorwa watalii kwa jina la hina nyeusi, kwa kawaida ni unga wa kupaka nywele. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD, ambayo ndiyo inayotoa weusi katika rangi nyingi za kudumu za nywele. Umoja wa Ulaya unairuhusu kichwani isizidi asilimia 2, na kwenye ngozi haikukusudiwa kabisa. Mtu anaweza kuchorwa piko mara kadhaa na asione kitu, kisha mwili ukaikataa: malengelenge yanafuata maua yale yale yaliyochorwa, na huweza kuacha alama. Mwili ukishaikataa mara moja, kwa kawaida hausahau. Mwaka mwengine huyo huyo anapaka rangi nyeusi kichwani na uso unavimba mpaka macho hayafunguki.

Kwa hiyo bibi harusi yeyote anayenijia namuuliza kwanza kama piko iliwahi kumwasha. Akisema haikumwasha, bado tunapaka tone la rangi nyuma ya sikio na kusubiri saa 48, na hilo tunalifanya wiki mbili kabla, si mkesha wa hina. Mtoto wa jirani, yule wa rangi ya asali, alisema ndiyo, iliwahi kumtoa malengelenge kifundoni. Ngozi yake ni ya joto, imetulia, asali ingemkaa vizuri. Nimemwambia asiguse pakiti yoyote ya dukani. Atasukwa rasta namba 30 zilizochanganywa na 4, mikononi atapakwa hina ya majani bila piko, na msusi tumeshampa siku.